Pini Mdomoni

Jumanne, Puebla, nyuma ya ukumbi wa mieleka,
mvua yagonga bati kana kwamba ina tiketi na imefungiwa nje.
Cherehani ya shangazi Refugio haipumui.
Wanaume watatu wamekalia marobota ya vitambaa,
wanagombea jambo lisilo na refa:
kati ya wote waliowahi kupanda ulingoni
ni nani jina lake limevuma kupita yote?

"Popo wa Zinki," asema Nemesio kinyozi,
alitamka kama mtu anayetia sahihi.
"Miaka ishirini na minane hakuvuliwa barakoa.
Marehemu mama aliibandika picha yake
kati ya Bikira na bili ya umeme."

"Picha!" Abundio mwenye bucha anacheka,
tumbo lake linachelewa kutulia.
"Picha hata mbwa aliyepotea anayo.
Hesabu watu! Askofu Mwitu alijaza ukumbi
siku ya fainali ya kandanda,
kandanda ikachezwa mbele ya viti vitupu.
Akimtia mtu kabari, hata sisi wa nyuma tulikosa pumzi."

Fidencio hapandishi sauti. Ni dereva wa lori,
amekula peke yake katika miji mingi.
"Umaarufu upimeni kwa umbali," asema.
"Nilikwama siku tatu kwenye theluji, kule Kanada.
Fundi aliyekuja kunivuta hakujua Kihispania hata neno.
Akaona kikaragosi cha Radi ya Torreón kinaning'inia kiooni,
akapiga goti palepale barafuni, akatandaza mikono, hivi,
kama Radi kabla hajaruka kutoka kamba ya juu.
Hakunidai hata senti."

Kimya. Hoja ilikuwa na uzito.

"Lakini Radi alibwagwa na Popo."
"Kwa hila!"
"Hila ni sehemu ya mchezo."
"Na kiti cha chuma?"
"Kilikuwa cha plastiki. Nilikuwepo."
"Ulikuwa na miaka minne!"

Hapo wakatoka kwenye hoja, wakaingia kwenye ukoo:
shemeji wa nani aliuza tiketi bandia,
nani hajalipa deni la mazishi.
Mimi nikaendelea kukata matundu ya macho,
kazi pekee ninayoaminiwa.

Shangazi alikuwa na pini saba mdomoni.
Akazitoa moja moja, akazichomeka
kwenye kimto alichofunga mkononi.
Tulizihesabu bila kutaka.

"Huyo Askofu wako, Abundio,
alikuwa akija hapa Alhamisi, kwa mlango wa jikoni.
Mtu mfupi, mwenye kikohozi, kola ya shati imegeuzwa ifiche uchakavu.
Siku moja alikuja buchani kwako kukopa nusu kilo ya utumbo.
Nyuma yako, ukutani, picha yake, kubwa kama mlango.
Ukamwambia: Sikujui."

Abundio akatazama viatu vyake.
Mvua ikapata nafasi ya kusema.

"Hakukasirika. Alinisimulia akicheka,
ameshika mbavu zile zilizovunjika Februari.
Alisema, Refugio, wananijua kwa kushangilia,
si kwa kukopesha."

Cherehani ilikuwa imesimama; sikumbuki ilisimama lini.

Nemesio, taratibu: "Basi tuambie wewe. Umewapima wote."

Ni kweli. Mtotoni mna daftari la jalada la kijani,
mzingo wa kila kichwa,
pua zilizopinda zimeandikwa pembeni kwa penseli.
Majina ya ubatizo hayamo.

"Kichwa kikubwa kuliko vyote," akasema, "sentimita sitini na nne.
Huyo nililazimika kumuungia kitambaa kisogoni."

Wote watatu wakainama mbele,
kama kamba za ulingo mtu anapotupwa juu yake.

"Cha nani?"

Shangazi akachomoa pini ya kwanza,
akairudisha mdomoni.
Halafu ya pili.